Imeiva Kupita Matarajio

Nchi ninayotaka kuikumbuka haimo katika ramani. Idara ya Ramani ilipoulizwa kama imemaliza kuichora ilijibu kwamba imemaliza, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuongeza hata mstari mmoja. Msiitafute. Mimi nimezaliwa humo, nimesoma humo hadi kidato cha nne, na nimemzika shangazi yangu humo. Naandika haya mapema, kabla sijaanza kusahau kwa makusudi, jambo ambalo kwetu lina ofisi yake na mkurugenzi wake.

Mambo yalianza siku kiongozi wetu, ambaye cheo chake ni Mkulima wa Kwanza, alipotangaza redioni kwamba tumefika. Hakusema tumefika wapi. Watu walitoka nje wakatazama huku na huku, wakaona ni pale pale, wakarudi ndani. Wiki iliyofuata ukatoka Waraka wa Ukamilifu. Ulikuwa na kifungu kimoja tu: kwa kuwa nchi imefika, neno "bado" limekosa kazi, hivyo lisionekane tena katika maandishi ya serikali wala lisisikike katika ofisi, shule, hospitali na shughuli za umma.

Sisi ni watu watiifu. Daraja la mtoni lilizinduliwa likiwa na upande mmoja, na upande wa pili ukaitwa mandhari. Kliniki walianza kusajili mimba ya miezi minne kuwa mtoto kamili mwenye haya. Katika mgahawa wa halmashauri nilimsikia mteja akimuuliza mpishi kama maharage yameiva. Mpishi akajibu kwamba yameiva. Kisha wakakaa wakitazamana, mpishi na mteja, huku maharage yakiendelea kuchemka bila kibali.

Hakuna aliyefungwa kwa ajili ya neno hilo. Haikuwezekana, kwa sababu magereza nayo yalikuwa yametangazwa kuwa matupu.

*

Mimi nilikuwa mtumishi wa Wizara ya Mabaki na Neema. Cheo changu kilikuwa Afisa Msaidizi wa Kuiva, na jina langu ni Chande.

Wizara hii ilizaliwa mezani. Mkulima wa Kwanza alikuwa katika dhifa, akaona paja la kuku limeumwa mara moja likaachwa, akatokwa na machozi mbele ya mabalozi. Akasema kuanzia siku ile hakuna punje itakayopotea. Kila bakio litakuwa mboji, kila mboji itakuwa mche, na kila mche utalisha mtu. Nasema bila utani kwamba lilikuwa wazo zuri. Shangazi yangu alikuwa akilifanya kwa miaka thelathini bila waziri.

Shida ilikuwa mabaki yenyewe. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili, na mtaani kwetu watu walikuwa wanakula viazi na maganda yake. Mabaki yalipatikana sehemu moja tu, kwenye dhifa. Kwa hiyo Wizara ikaanza kuandaa dhifa za kuhamasisha mabaki. Tulikula kwa bidii, na tukaacha kwa bidii zaidi. Afisa aliyemaliza sahani yake alipewa onyo la maandishi.

Wananchi nao walitakiwa kila kaya ionyeshe ndoo moja ya maganda kwa mkaguzi. Mkaguzi nilikuwa mimi. Mtaani kwetu kulikuwa na ndoo moja yenye maganda ya ndizi, mpini wake ulikatika ukafungwa kamba ya katani. Niliikagua katika nyumba ya kwanza. Nikaikagua tena katika nyumba ya pili, ikiwa imepitishwa juu ya ua wa makuti nyuma yangu. Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya Bi Somoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili, jirani ya shangazi yangu.

"Bi Somoe," nikamwambia, "ndoo hii naifahamu."

"Nayo inakufahamu, mwanangu. Andika."

Niliandika kwamba kaya kumi na saba zina ziada. Wilaya yetu ikapewa Cheti cha Ushibaji, kikatundikwa dukani, mahali ulipokuwa unawekwa unga.

*

Shangazi yangu aliitwa Tunu. Alinilea baada ya wazazi wangu kufariki, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye miche ya nyanya, nyanya chungu na kabichi. Alikuwa na ua mdogo nyuma ya nyumba, na ndani yake malundo matatu: moja changa, moja la kati, moja la zamani. Maganda ya ndizi, ukoko wa ugali, majani ya chai, mabua ya mchicha, vyote vilikwenda kule, vikichanganywa na majani makavu na kinyesi cha kuku, vikigeuzwa kwa jembe kila baada ya siku chache.

Kila mwaka kabla ya mvua, wanawake wa mtaa walimletea mbegu zao zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga. Yeye aliziotesha katika makopo, kila kopo likiwa na alama ya mwenyewe: msumari, kishimo, rangi ya mlango. Mvua zikianza, kila mmoja alichukua miche yake akaenda kupanda. Hakuna kopo lililowahi kupotea. Mtaa mzima ulikula kutoka kwenye makopo yale.

Alinifundisha kujua mboji ilipofika. Kwanza unaingiza mkono hadi kifundo. Ukikuta joto kama paji la uso la mtu mwenye homa, unafunika unaondoka. Kisha unanusa. Iliyoiva inanuka udongo ulionyeshewa, isiyoiva inanuka chakula kilichochacha. Mwisho unaweka kidogo kwenye kopo, unamwaga mbegu za mchicha, unangoja. Zikitoka kijani, sawa. Zikitoka njano na ncha zimeungua, ujue ndani bado kunapikwa, na ukiweka mche humo utaunguza mizizi yake.

"Inachukua muda gani?" nilimuuliza nikiwa mdogo.

"Miezi mitatu. Mara nyingine minne."

"Ukiiambia iharakishe?"

"Mboji haina bosi, Chande."

Nilicheka wakati ule. Baadaye nikapata bosi, nikasahau kwamba kuna vitu visivyo naye.

*

Ndipo ikaja Siku ya Miche ya Taifa. Mkurugenzi wangu, Bwana Kitundu, alituita akasema kwamba lundo la kwanza la kitaifa litatokana na dhifa tisa za hivi karibuni, litawekwa katika uwanja wa halmashauri, na baada ya siku kumi na moja Waziri atakuja kusimamia upandaji wa mbegu. Wananchi wa mtaa wetu wamepewa heshima ya kuleta mbegu zao zote za msimu. Shangazi yangu amepewa heshima ya kuwa Mama wa Mboji, na jina lake litachapishwa kwenye mifuko.

"Siku kumi na moja ni chache kwa mboji," nikasema.

Bwana Kitundu alivua miwani. "Chache kulinganisha na nini?"

Jibu lilihitaji neno lile.

Lundo liliwekwa juu ya zulia, chini ya hema. Lilikuwa na pilau, sambusa, mifupa ya mishikaki, na keki ya ghorofa tatu ambayo ilikuwa imeandikwa HONGERA. Siku ya nne lilianza kunuka. Siku ya tano Wizara ilimtuma mtu na chupa za marashi ya waridi. Siku ya sita lilinuka harusi iliyoingiliwa na msiba.

Shangazi alinikuta jikoni kwake nakunywa chai.

"Lile lundo lenu nimelinusa nikiwa barabarani," alisema. "Linachacha."

"Tarehe imeshapangwa, shangazi."

"Na funza wa humo ndani wamepelekewa barua ya tarehe?"

"Nina fomu ya kusaini. Ina nafasi tatu tu: Imeiva, Imeiva Sana, na Imeiva Kupita Matarajio."

"Ongeza ya nne kwa kalamu yako."

"Nina miaka sita kazini."

"Mimi nina thelathini na sijawahi kupandishwa cheo," alisema, akanimiminia chai nyingine. Kisha akaacha kutabasamu. "Chande, zile ni mbegu za watu. Kaya arobaini na mbili. Hawana nyingine, na ukiwaunguzia hizo, mvua itanyesha kwenye mashamba matupu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi."

Nilimsikia. Ningependa iandikwe hivyo. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba sikuelewa.

*

Siku yenyewe kulikuwa na tarumbeta. Wanawake walipanga mstari, wakafungua pindo za khanga mbele ya kamera, na vijana waliovaa glavu nyeupe wakapokea mbegu kwa sinia. Waziri wa Mabaki na Neema alihutubia kwa saa moja na nusu. Alisema katika nchi nyingine chakula kinageuka taka, lakini kwetu taka inageuka chakula, na wataalamu wa nje wamekuja kujifunza wakalia. Alisema yeye binafsi haachi kitu sahanini isipokuwa kwa uzalendo.

Kisha akamwita shangazi yangu. Alikuwa amevaa utepe ulioandikwa MAMA WA MBOJI, na chini ya utepe lile gauni lake la kwenda maziarani. Hakuangalia kamera. Alikunja mkono wa gauni, akauingiza mkono ndani ya lundo hadi kifundo, akautoa haraka. Mvuke ulitoka pamoja nao. Sote tuliuona.

Waziri akamsogezea kipaza sauti. "Mama yetu, liambie taifa. Imeiva?"

"Bado," alisema shangazi yangu.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kipya. Neno lilikwenda hadi mwisho wa uwanja likagonga ukuta wa halmashauri likarudi. Mpiga tarumbeta aliishusha tarumbeta yake. Mtu wa kamera aliitazama kamera kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Mama anasema nini?" akauliza Waziri.

Watu elfu mbili waliokuwa wakilitumia neno hilo tangu wakinyonya walitazama ardhi. Bwana Kitundu alinifinya mgongoni.

Nikasogea mbele. "Mheshimiwa, huyu ni shangazi yangu. Kwa lahaja ya kwao neno hilo maana yake ni kwamba imeiva kupita matarajio."

"Kwao wapi?"

"Kwetu, Mheshimiwa."

Waziri alipumua. Watu wakapiga makofi, na hata leo siwalaumu, kwa sababu makofi yalikuwa njia ya haraka ya kutoka pale. Nikaletewa fomu. Nikatia alama nafasi ya tatu, nikasaini, tena saini yangu ilikaa vizuri kuliko siku zote.

Shangazi alikuwa anaupuliza mkono wake. Alinitazama kama mtu anavyotazama kopo alilolitegemea akaligundua lina tundu.

"Kalamu yako ina wino mwingi, mwanangu," alisema. Basi. Saini ile hakuigusia tena, si siku ile wala baadaye.

*

Mbegu zilipandwa katika mifuko elfu nne. Siku ya tano baadhi zilichomoza, na taarifa ya habari ikaonyesha ncha moja ya kijani kwa dakika saba. Siku ya tisa majani yalikuwa njano, kingo zake kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Siku ya kumi na mbili hakukuwa na mche uliosimama. Niling'oa mmoja. Mizizi yake ilikuwa uzi mweusi, ukanikatikia mkononi.

Wizara ilieleza kwamba miche imepumzika baada ya kuota kwa kasi. Fundi alikuja na pampu ya rangi ya kijani akaipulizia safu ya mbele, ile inayoonekana kutoka barabarani.

Mvua zilikuja wiki iliyofuata. Zilikuwa mvua nzuri, za kutosha, zilizongojewa misimu miwili. Wanawake walisimama milangoni wakizitazama zikinyesha kwenye matuta waliyoyatengeneza. Bi Somoe alitoka na jembe, akapalilia tuta ambalo halikuwa na kitu. Nilipita nikamsalimu. Aliitikia.

Shangazi yangu aligawa kila alichokuwa nacho. Alikuwa ameotesha makopo yake machache kwenye lile lundo la zamani. Akayabeba kichwani nyumba kwa nyumba, miche mitano hapa, mitatu pale. Kaya kumi na moja zilipata kitu. Arobaini na mbili kutoa kumi na moja mnaweza kufanya wenyewe.

Ndipo ikaundwa Tume. Kwa kuwa mboji ilikuwa na cheti cha kuiva kupita matarajio, ilionekana wazi kwamba kosa liko kwa wapandaji, na chombo kikaitwa Tume ya Kuchunguza Mikono ya Wananchi. Shahidi wa kwanza aliyeitwa ni shangazi, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye mifuko. Katibu wa Tume alitakiwa awe mtu anayelijua jalada vizuri. Nikateuliwa mimi.

*

Aliitwa aje saa mbili asubuhi. Akaja, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Tume siku ile ilikuwa na dhifa. Jioni dada wa mapokezi alifungua daftari lenye safu mbili, Aliyefika na Aliyehudumiwa. Hakukuwa na safu ya tatu, maana jina la safu ya tatu lilikuwa limepigwa marufuku. Akamwandika katika zote mbili.

Kesho yake akaitwa tena, ili kukamilisha. Na kesho kutwa. Ofisi yangu ilikuwa upande wa pili wa mlango ule, na mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilijua akikohoa. Nilijua akibadilisha mguu. Adhuhuri nilitoka nikaketi naye, na alikuwa na mhogo wa kuchemsha ndani ya kopo, akanigawia nusu kama alivyonigawia miaka yote.

"Zamu yangu je?" aliuliza siku moja.

"Umeshahudumiwa, shangazi."

"Lini?"

"Jana. Na juzi."

"Nilihudumiwa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Nilisema nini huko ndani?"

"Jalada linasema huna la kuongeza."

Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi nikamshika mabega. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havikuingia. Alikuwa ameviweka pembeni mwa benchi vikiwa vimeelekea mlangoni.

Nilikuwa na sentensi ya kuimaliza kesi ile. Ilikuwa na maneno matatu: alisema bado, nikadanganya. Niliifanyia mazoezi chooni mbele ya kioo, kwa sauti ya chini, nikavuta maji ili isisikike. Kila siku nilijiambia nitaisema baada ya chakula cha mchana. Wiki tano zina vyakula vingi vya mchana.

Siku moja hakuweza kuinuka benchini. Nilimpeleka hospitali ya wilaya kwa gari la Tume. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimsikiliza kifua, akasikiliza tena. Fomu yake ilikuwa na nafasi mbili: Amepona, na Amepona Kabisa. Alinitazama, akaona kitambulisho changu cha Wizara kifuani, na nikaona kwamba ameelewa. Tulikuwa watu wa fani moja. Akatia alama ya kwanza, ile ya pili aliiona imezidi. Saa tisa alasiri tulikuwa tumerudishwa nyumbani.

Alifariki Alhamisi, wakati wa asubuhi, mlango wa uani ukiwa wazi kwa sababu aliomba uachwe wazi. Kabla ya hapo aliniambia niligeuze lile lundo la kati, limekaa siku nyingi. Nikaenda kuligeuza. Niliporudi alikuwa ametulia. Kwenye cheti, mahali pa sababu ya kifo, waliandika: kukamilika.

*

Msibani wanawake wa mtaa walikaa uani kumenya. Kila mtu alileta alichonacho, na alichonacho kilikuwa kidogo: ndizi mbichi, mihogo, malenge machanga yaliyotoka kwenye ile miche michache aliyowagawia. Maganda yalirundikana kwenye jamvi kuukuu. Bi Somoe aliyakusanya yote, akayatia ndani ya ndoo yenye mpini wa kamba ya katani, akaniletea.

"Hii leo imejaa kweli," alisema. "Ikague."

Nikaichukua. Nikaanza lundo jipya pale palipokuwa na lile changa: maganda ya matanga yake, ukoko wa sufuria ya msiba, majani makavu, kinyesi cha kuku wake. Niligeuza kila baada ya siku nne. Kazini sikurudi, na hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa daftari lilikuwa linaonyesha nimefika.

Siku ya arobaini tulisoma hitima. Wakati wa chakula magari mawili yalisimama nje, akashuka Waziri na Bwana Kitundu, pamoja na mtu wa kamera na jiwe la kumbukumbu lililochongwa. Waziri alisema taifa haliwasahau mama zake. Akaomba mche upandwe kaburini siku hiyo hiyo, katika mboji ya mikono ya marehemu, mbele ya kamera. Nikamwambia lundo lile nimelifanya mimi, kwa maganda ya matanga.

"Vizuri zaidi," alisema Waziri. "Afisa wetu, imeiva?"

Nilikunja mkono wa kanzu, nikauingiza mkono hadi kifundo. Joto lilinipokea kama paji la uso nililolipangusa wiki zile za mwisho.

"Bado," nikasema.

Nililisema polepole. Watu waliokuwa wanatafuna waliacha kutafuna.

"Anasema nini huyu?" Waziri akageuka kumtafuta mtu wa kumtafsiria. Bwana Kitundu alikuwa anasoma viatu vyake.

Bi Somoe alikuwa kwenye sufuria, mgongo wake kwetu. Hakugeuka. "Anasema bado, Mheshimiwa. Sote tumesikia, hata ile mara ya kwanza tulisikia. Kaa ule, chakula kinapoa."

Waziri alikaa akala, hakujua la kufanya lingine. Aliacha nusu sahani kwa mazoea. Bi Somoe akaikwangulia ndani ya ndoo.

Wiki iliyofuata nilipata barua ikinipongeza kwa kukamilisha utumishi wangu.

*

Nadhani mwandishi mwingine angeishia pale, neno likiwa limesemwa. Mimi siwezi, kwa sababu nililisema mahali ambapo halikumwokoa mtu. Lilikuwa na kazi moja tu, ya kusemwa uwanjani siku ile na mtu aliyevaa kitambulisho, na sikulisema.

Mwezi wa tatu tangu nilipolianza, lundo lilipoa. Mbegu za mchicha nilizoweka kwenye kopo zilitoka kijani. Lilinuka udongo ulionyeshewa, na nilikaa nalo asubuhi nzima nikilinusa, nikitafuta kosa.

Bi Somoe alikuja akapita uani bila kubisha hodi, akaketi kwenye kigoda cha shangazi. Alifungua pindo la khanga yake. Ndani kulikuwa na mbegu za nyanya, saba.

"Nilidhani mlitoa zote," nikasema.

"Nilitaka kutoa zote. Shangazi yako alipita kwangu siku moja kabla ya tarumbeta zenu. Akaniambia, 'Somoe, bakiza. Kijana wangu atasaini.'"

Sikuweza kumtazama.

"Alijua?"

"Si alikulea yeye?" Alizihesabu tena mbegu kwa kidole, ingawa saba hazina haja ya kuhesabiwa mara mbili. "Nilimuuliza, sasa kwa nini uende ukajiaibishe mbele za watu, kama unajua atasaini? Akasema, 'Nikisema mimi, na yeye ataona inavyosemwa.'"

Kuku alikuwa anachakura karibu na mguu wangu. Nilimwacha achakure.

"Haya," Bi Somoe alisema. "Mvua za vuli hizo zinakuja. Imeiva?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na ushahidi wote: mkono, pua, kopo la mchicha. Lakini neno "imeiva" nilikuwa nimeshalitumia mara moja, kwa wino, na sikuona kwamba nina haki ya kulitumia tena.

"Weka mkono wako mwenyewe, Bi Somoe," nikamwambia.

Kisha akazifunga mbegu, akaliweka pindo mapajani, akakunja mkono wa gauni, akainama juu ya maganda ya msiba wa shangazi yangu, akauingiza mkono hadi kifundo. Akautuliza humo.

Mimi nikangoja aseme.